Kuchagua Matairi ya Pikipiki Inayopita Zaidi Kwenye Lami

Mmezoea kunisikia nikizungumza juu ya viazi, kabichi na karoti, namna ya kupanda, kupalilia na kupulizia dawa. Leo nitazungumza juu ya mpira, tena mpira wa pikipiki. Msishangae. Zao likishavunwa Shume bado halijawa fedha. Linakuwa fedha likifika sokoni, na siku hizi ile mizigo midogo ya mkulima mdogo, isiyotosha kujaza gari, inateremshwa kwa pikipiki. Pikipiki ikianguka njiani, karoti zimekwenda, na mara nyingine mwenye karoti naye.

Nazungumza zaidi na yule mwenye pikipiki ndefu yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, jamaa ya Honda XL na Yamaha DT. Pikipiki hizi zilitengenezwa ili zipite lami na njia mbaya pia, na sisi mabwana shamba tunazifahamu sana. Wewe mwenye Boxer au TVS usizime redio wala usifunge kitabu. Mengi nitakayosema yanakuhusu, isipokuwa saizi.

Sasa twende dukani. Ingia duka la vipuri, iwe Lushoto, Mombo au Korogwe, useme unatoka Shume na unataka tairi. Muuzaji atakutazama viatu, ataona udongo mwekundu, naye atainua mkono mpaka juu kabisa ukutani ateremshe tairi lenye meno marefu yaliyoachana, kama la trekta. Atakuambia, "Kaka, chukua hili, hili ndilo la mlima kweli kweli." Nawe utalipenda, maana linapendeza macho. Hapo ndipo ninapotaka usimame kidogo, uweke fedha mfukoni, tufanye hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kutoka Lushoto kupita Soni hadi Mombo ni lami, kiasi cha kilometa 33. Mkulima anayeteremka Mombo mara mbili kwa wiki, kwenda na kurudi, amepita kilometa 132 za lami katika kipande hicho peke yake. Akiendelea mpaka Korogwe kwa ile barabara kuu, lami inaongezeka tena. Sasa wewe mwenyewe soma saa ya pikipiki yako unapotoka nyumbani, isome tena lami inapoanza, na usome ukifika mwisho wa safari. Fanya hivyo kwa wiki moja, andika kwenye daftari la shamba. Watu wengi waliojiita watu wa njia ya udongo wakiandika hivyo wanakuta lami imeshinda. Lakini kama safari zako zote zinaishia Lukozi au Manolo na lami huioni mpaka siku ya sikukuu, basi ushauri wangu wa leo si wako. Wewe chukua meno.

Kwa nini meno marefu hayafai kwenye lami? Watu wanadhani meno ni kama kucha, kwamba yakiwa mengi na marefu ndipo tairi linashika popote. Kwenye udongo laini ni kweli. Jino linazama kwenye tope, linapata mahali pa kusukuma, na ile nafasi kati ya jino na jino inatema tope tairi linapozunguka. Lakini lami haizamiki. Juu ya lami kinachoshika ni mpira kugusana na barabara, na kadiri mpira unaogusa ulivyo mwingi ndivyo unavyoshika. Sehemu ya tairi la pikipiki inayogusa ardhi kwa wakati mmoja si kubwa kuliko kiganja cha mkono. Ukitoa nafasi tupu zilizo kati ya meno, katika kiganja hicho unabaki na ncha za vidole tu.

Tena jino refu la mpira linapinda. Simama juu ya lami, ukamate jino la tairi kwa kidole gumba na ulisukume, utaliona linalala. Sasa fikiria pikipiki yenye mtu na magunia, inaingia kona, imelala upande, halafu breki inashikwa. Yale meno ya pembeni yote yanapinda kwa pamoja, na pikipiki inajihisi kama inaelea. Lami ikiwa kavu utaponea. Ikiwa imelowa, hakuna atakayekuhakikishia.

Na lami yetu imelowa mara ngapi? Ninyi wenyewe mnajua. Tuna masika, tuna vuli, na katikati tuna mluati, zile mvua nyepesi ambazo watu wa tambarare hawazijui. Hata siku ambayo mvua hainyeshi, ukungu unashuka msituni Magamba na kivuli cha miti kinazuia jua, kwa hiyo njia inakaa na unyevu mpaka saa nne asubuhi. Majani yaliyoanguka yanagandamana juu yake. Malori ya magogo kutoka Shamba la Miti Shume yanapanda lami na udongo katika magurudumu, nao ukipata maji kidogo unakuwa kama sabuni. Ukifika chini ya Soni, barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo lenye mto, kona juu ya kona. Wakati wa mvua kubwa mawe na udongo huporomoka kutoka juu. Katika zama za Wajerumani mbao za Shume hazikupita huko hata kidogo. Ziliteremshwa Mkumbara kwa waya ulionyoshwa juu ya ukingo wa mlima. Ukisimama ukingoni na kutazama chini utaelewa kwa nini.

Basi nisikilize vizuri hapa. Kwenye tope la kijijini ukianguka, unaanguka ukiwa na mwendo wa mtu anayetembea. Unasimama, unafuta suruali, majirani wanacheka, unaokota viazi. Kwenye kona ya lami chini ya Soni unaanguka ukiwa na mwendo wa kilometa 40 au 50 kwa saa, na basi linapanda upande wa pili. Mimi nachagua tairi kwa kutazama mahali ambapo kuanguka kunaua. Mahali ambapo kuanguka kunachafua tu, nitashuka nisukume.

Kwa hiyo ununue la namna gani? Liko tairi la katikati, la njia zote mbili. Meno yake ni mafupi na mapana, yamekaribiana, hasa katikati ya tairi ambapo karibu yanaungana kuwa mstari mmoja. Kati yao ipo mifereji inayotoka katikati kwenda pembeni ya kusukuma maji. Ukilitazama kwa mbali linafanana na la barabarani lakini lenye mifereji mirefu zaidi. Wauzaji wengine wanataja kwa hesabu: themanini kwa ishirini, maana yake limetengenezwa zaidi kwa lami na kidogo kwa udongo, au hamsini kwa hamsini, nusu kwa nusu. Hesabu hizo si kipimo cha serikali, ni maneno ya biashara, lakini zinasaidia. Kwa mkulima wa Shume ambaye daftari lake limeonyesha lami imeshinda, lile la themanini kwa ishirini linatosha. Kama nyumbani kwako kuna kilometa kadhaa za udongo mwekundu zenye mwinuko mkali, sogea kidogo kuelekea hamsini, usivuke hapo.

Na ukiona ubavuni mwa tairi herufi NHS, lirudishe ukutani. Maana yake mtengenezaji mwenyewe anasema halikutengenezwa kwa barabara kuu. Ni la mashindano ya matope.

Tukiwa hapo ubavuni tusome na mengine, maana tairi linasema habari zake zote kama mfuko wa mbolea unavyosema. Tuseme tairi la mbele limeandikwa 2.75-21 45P. Ile 2.75 ni upana kwa inchi. Ile 21 ni ukubwa wa rimu, nayo haina mjadala: rimu ya 21 inavaa tairi la 21. Herufi P mwishoni ni mwendo, kilometa 150 kwa saa, ambao wewe huuhitaji na sitaki uujaribu. Iliyobaki ni 45, na hiyo ndiyo ya mkulima. Ni namba ya uzito. Si kwamba tairi linabeba kilo 45. Ni namba ya jedwali. Namba 45 maana yake kilo 165, namba 50 ni kilo 190, namba 59 ni kilo 243. Tairi la nyuma la pikipiki hizi ndefu mara nyingi huandikwa 4.10-18 59P, lakini yako matairi ya bei nafuu yenye namba ya chini.

Kwa nini nashikilia jambo hili? Kwa sababu ya lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza kufungasha mazao kupita kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamepiga kelele miaka mingi, lakini gunia lenye kilemba bado tunaliona, tena juu ya keria ya pikipiki. Hebu tupige hesabu ya gurudumu la nyuma. Pikipiki yenyewe tuseme ni kilo 110, nusu yake iko nyuma, kilo 55. Dereva wa kilo 70, sehemu kubwa ya uzito wake iko nyuma, tuseme 45. Hapo tumefika 100 kabla ya mzigo. Weka lumbesa ya viazi ya kilo 120, nayo yote iko nyuma, tumefika 220. Tairi la namba 50 limekwisha kuzidiwa kwa kilo 30. La namba 59 linaponea chupuchupu, kama upepo umejaa sawasawa. Na gunia likining'inia nyuma ya gurudumu, linafanya kama mbao ya bembea, linanyanyua mbele. Usukani unakuwa mwepesi, unafurahi, kumbe tairi la mbele haligusi barabara inavyotakiwa. Tena tairi likiweza, usidhani na sipoku, fremu na breki vinaweza. Gunia la kilo 50 lililofungwa chini na mbele kadiri inavyowezekana, na safari ya pili, ndivyo ninavyoshauri. Mnunuzi anayedai lumbesa anakupunja mara mbili, kwenye viazi na kwenye tairi.

Angalia pia umri. Katika duara dogo ubavuni kuna tarakimu nne. Zikiwa 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata kama hautumiki, hasa ukining'inizwa juani mbele ya duka. Unakuwa mgumu, unapasuka nyufa nyembamba, na mpira mgumu hauishiki lami iliyolowa. Likipita miaka mitano lichunguze sana, lipinde kwa mkono uone nyufa. Likifika kumi, muuzaji alifanye kigoda.

Baada ya kulivalisha, hakikisha fundi amefuata mshale uliochorwa ubavuni. Mshale unaelekea kule gurudumu linakozunguka. Siku za kwanza nenda polepole. Tairi jipya linatoka kiwandani likiwa na utelezi juu yake, linahitaji kilometa kama 150 za mwendo wa taratibu mpaka likwaruzike. Usilifungue jipya leo jioni na kesho alfajiri ukateremka nalo Mombo na magunia.

Sasa upepo. Jambo hili watu wa Shume wana hali yao ya peke yao. Kijiji kiko juu kiasi cha mita 1,900, asubuhi kuna baridi. Mombo haifiki mita 500, na kuna joto. Ukiteremka, hewa ya nje inakuwa nzito zaidi, kwa hiyo kipimo cha upepo kingepungua kama paundi 2 bila tairi kuvuja. Lakini wakati huo huo joto la Mombo na joto la safari linaupandisha. Mambo hayo mawili yanakaribia kufutana. Kwa hiyo pima asubuhi nyumbani, tairi likiwa baridi, ujaze kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki au kitabu chake, ukitazama ile safu ya wenye mzigo. Usisimame Mombo ukaligusa tairi, ukasema limepata moto, ukatoa upepo. Ukifanya hivyo utapanda mlima na mzigo wa dukani tairi likiwa laini.

Tairi laini lenye mzigo juu ya lami linajikunja kila mzunguko, linapata moto, linalika pembeni. Mbaya zaidi linateleza juu ya rimu na kuvuta mpira wa ndani. Tazama vali: ikiwa imesimama wima, vizuri, ikiwa imelala upande, mpira wa ndani uko njiani kukatika shingo. Upande wa pili, tairi lililojazwa mpaka likawa kama jiwe linarukaruka. Mwenye matenga ya peasi na plamsi analijua hilo, matunda yanafika sokoni yamepondeka na bei inashuka. Ukilazimika kupunguza upepo ili kupita tope la masika, sawa, lakini uwe na pampu chini ya kiti na ujaze kabla hujagusa lami. Kipimo cha upepo ni kitu kidogo cha kuingia mfukoni. Kikundi cha wakulima kumi kinaweza kununua kimoja.

Liko jambo moja ambalo nabishana nalo kila ninapopita. Tairi la nyuma linaisha mapema, kwa kuwa ndilo linalosukuma na kubeba. Basi mtu ananunua jipya la nyuma, mara ya kwanza, mara ya pili, na la mbele ni lile lile tangu pikipiki iliponunuliwa, limekuwa kipara. Anasema la mbele halifanyi kazi. Ndugu yangu, ukiteremka mlima na kushika breki, uzito wote unakimbilia mbele, na tairi la mbele ndilo linalokusimamisha. Tairi la nyuma likiteleza mara nyingi utaliwahi. La mbele likiteleza, hata salamu hupati nafasi ya kutoa. Kama fedha zinatosha tairi moja tu na la mbele ni kipara, anza na la mbele. Na ukiweza, yawe ya jamii moja, mbele na nyuma, maana meno marefu mbele na laini nyuma, au kinyume chake, hufanya kila gurudumu lishike kwa namna yake pikipiki ikilala kwenye kona.

Kupima kama limekwisha si lazima uwe na chombo. Chukua njiti ya kiberiti, unene wake ni kama milimita 2, uilaze ndani ya mfereji wa katikati ya tairi. Ikijificha yote, endelea. Ikitokeza juu ya mpira, anza kutafuta fedha. Pia ukitafuta ubavuni utaona herufi TWI; ukifuata hapo mpaka ndani ya mfereji utakuta kinundu kidogo cha mpira. Meno yakiwa sawa na kinundu, tairi limekufa. Wengine huwapa mafundi wachonge mifereji mipya kwa kisu cha moto. Tairi la pikipiki ni jembamba. Ukichonga unakaribia nyuzi, na nyuzi zikikatika tairi linapasuka safarini. Msifanye hivyo.

Niseme neno moja kama bwana shamba, maana nisipolisema sitalala. Lile tairi la meno marefu, mbali na hatari ya lami, linaharibu mashamba yetu. Likipanda njia ya mwinuko katikati ya matuta linazunguka pale pale, linachimba mtaro, na mvua ya kwanza inaufuata mtaro huo kama mfereji. Nimeona njia ya miguu iliyokuwa na upana wa hatua moja ikawa korongo ndani ya misimu miwili, na matuta ya pande zote mbili yakabomoka. Milima yetu ya Usambara imepiganiwa sana, majani ya Guatemala na matete yamepandwa kwa jasho. Pikipiki isimame kando ya barabara. Magunia yatoke shambani kwa punda au kwa mabega.

Mpira wa ndani uliozeeka usiutupe. Ukikatwa vipande virefu ni kamba nzuri ya kufungia matenga, inavutika na haikati gunia kama ya nailoni. Ila ncha zake uzichomeke vizuri, zisining'inie karibu na mnyororo au sipoku, na usimame Lushoto ukazikaze upya kabla ya kuanza kuteremka.